Robota za Merikani: Katika Nyumba za Kale za Massachusetts

Katika familia nyingi zilizotoka Zanzibar na Mrima, ziwe leo Maskati, Dubai, London au Toronto, neno merikani lingali hai. Mzee akitaja nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, ile ya kushonea mito na mifuko, huiita kwa jina hilo, na wajukuu humwelewa bila ya kuuliza. Wachache husita wakajiuliza: ni Marekani ipi iliyoipa nguo hiyo jina lake? Jibu linapatikana katika jimbo moja la kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, Massachusetts, na zaidi katika mji wake mdogo wa bandari uitwao Salem.

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya babu zetu wengi imekwisha, na madaftari yao yamekwisha pamoja nayo. Mengine yaliliwa na mchwa, mengine yaliachwa sandukuni usiku wa kuondoka katika mwaka 1964, na mengine yalikwenda na nyumba zilipokwenda. Lakini kila biashara ina pande mbili, na upande wa pili wa biashara ile uliyatunza madaftari yake, ukazitunza pia nyumba, magati na viwanda vyake. Ndiyo sababu makala haya yanamchukua msomaji katika nyumba za kale na makumbusho ya Massachusetts. Hatuendi huko kustaajabia utajiri wa wengine. Tunakwenda kusoma ukurasa wa pili wa hesabu yetu wenyewe.

Gati na forodha

Wageni wengi wa Salem huja kwa sababu ya kesi za uchawi za mwaka 1692, na maduka ya mji yamejaa kofia nyeusi na mafagio. Sisi tuelekee ufukweni. Hapo kuna gati la Derby, lenye urefu wa karibu nusu maili, na mbele yake jengo la forodha la matofali mekundu lililojengwa mwaka 1819, na tai aliyepakwa dhahabu juu ya paa lake. Kando yake ipo nyumba ya ukoo wa Derby, ya mwaka 1762. Mwaka 1938 serikali kuu ya Marekani ililitenga eneo hili liwe la kwanza nchini humo kuhifadhiwa kwa jina la eneo la kitaifa la kihistoria.

Ukoo wa Derby ulitajirika kwa biashara ya Mashariki kabla ya Zanzibar kujulikana Salem. Zanzibar iliingia katika hesabu za mji huu baadaye, katika miaka ya 1820, wakati Salem ilikuwa imekwisha kudhoofishwa na marufuku ya biashara ya mwaka 1807 na vita vya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza. Boston na New York zilikuwa zikiipokonya riziki. Kwa hiyo manahodha wake walitafuta bandari ambazo wakubwa hawajazifikia, wakaipata Unguja. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli za kigeni 41 zilitia nanga Zanzibar, na 32 kati yao zilikuwa za Marekani. Waingereza, ambao historia ya shule ilitufundisha kuwaona kila mahali, walikuwa nyuma sana.

Mtu akisimama katika ngazi za forodha ya Salem, huwaza forodha nyingine, ile ya Unguja, aliyokuwa akiikodi tajiri wa Kihindi Jairam Shivji. Kwa mkataba uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, bidhaa za Wamarekani zilitozwa ushuru wa asilimia 5, nao wakaruhusiwa kufanya biashara katika bandari za Sayyid. Mizigo ikapita katika milango miwili ya forodha: robota za nguo zikishuka Unguja, na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi zikishuka Salem.

Ukumbi wa manahodha

Mwendo mfupi kutoka gatini ndipo yalipo makumbusho ya Peabody Essex. Mizizi yake ni chama cha mabaharia kilichoundwa mwaka 1799. Haikuwezekana kujiunga nacho ila kwa nahodha au msimamizi wa shehena aliyekwisha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, na wanachama walitakiwa kuleta vitu vya ajabu kutoka nchi walizozifikia. Ukumbi wao ulifunguliwa mwaka 1825 mbele ya Rais John Quincy Adams, na ungalipo ndani ya makumbusho ya leo.

Miongoni mwa hazina za makumbusho hayo imo picha ya rangi inayotuhusu moja kwa moja. Ni ya Ahmad bin Naaman al-Kaabi, katibu na mjumbe wa Sayyid Said, amevaa kilemba, imechorwa na Edward Mooney. Ahmad alifika New York tarehe 30 Aprili 1840 katika jahazi la Sayyid, Sultana, akiwa na shehena ya tende, kahawa, mazulia, pembe, sandarusi na karafuu. Watu wa New York walijazana gatini kumtazama. Kwa Rais Martin Van Buren alileta zawadi, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu na lulu. Sheria ya nchi haikumruhusu rais kuzipokea zawadi hizo ziwe zake mwenyewe, na farasi wakauzwa kwa mnada. Sultana lilitengenezwa bure katika karakana ya jeshi la majini ya Brooklyn, nalo likaondoka mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Picha ile hufundisha jambo ambalo vitabu vingi havikutufundisha. Tumezoea kuona picha za Wazungu wakifika pwani yetu na watu wetu wakisimama ufukweni kuwatazama. Hapa mambo yamegeuka: mtu wetu ndiye aliyevuka bahari kwa chombo cha mfalme wake, na wenyeji wa huko ndio waliosimama ufukweni. Mzazi aliyezaliwa ughaibuni akimwonyesha mwanawe picha hii, hana haja ya hotuba.

Nyumba za waliorudi na mali

Katika mtaa wa Essex, maktaba ya umma ya Salem imo ndani ya jumba kubwa la matofali lililokuwa makazi ya John Bertram. Bertram alizaliwa katika kisiwa cha Jersey, akawa nahodha kisha tajiri, na Zanzibar ilikuwa mojawapo ya nguzo za utajiri wake. Aliileta Salem sandarusi isiyosafishwa, nayo ikasafishwa katika kiwanda cha Whipple cha mji huo huo kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Baada ya kifo chake mwaka 1882, warithi wake waliutolea mji nyumba hiyo, na watoto wa Salem husoma humo hadi leo. Hospitali ya mji pia ilianzishwa kwa fedha zake.

Sandarusi hiyo ilitoka ardhini. Wenyeji wa Mrima, Wazaramo miongoni mwao, waliichimba kwa majembe ya mkono katika misitu ya nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, utomvu wa miti iliyokufa zamani, kisha ikapita mikononi mwa Wahindi na Waarabu wa pwani hadi Unguja. Kwa hiyo vanishi iliyong'arisha meza na magari ya farasi ya Boston ilianza katika shimo la Mzaramo. Ndani ya maktaba ile anatajwa mwenye nyumba tu.

Mwingine aliyerudi na mali ni Richard Waters wa Salem, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Alifika Unguja mwaka 1837 akakaa hadi 1844, akawa mfanyabiashara zaidi kuliko mwanadiplomasia, akishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji. Aliporudi alikaa katika shamba lake Beverly, mji jirani wa Salem. Waters alikuwa Mkristo mwenye bidii, na katika shajara yake alieleza kuchukizwa kwake na biashara ya watumwa aliyoiona kwa macho. Hata hivyo aliendelea kununua na kuuza katika soko ambalo watumwa walikuwa sehemu yake. Tusiharakishe kumcheka. Wangapi katika babu zetu walisimamisha sala tano, wakatoa zaka kwa wakati, na shamba la karafuu likalimwa na watu waliomilikiwa?

Sauti ya mitambo ya Lowell

Ili kuiona merikani yenyewe ikizaliwa, yatupasa kuondoka pwani na kwenda bara kiasi cha maili 25, hadi mji wa Lowell kwenye mto Merrimack. Hapa maji ya mto yaligawanywa katika mifereji ili yazungushe magurudumu ya viwanda vya nguo, kuanzia miaka ya 1820. Kiwanda cha Boott, kilichoanza mwaka 1835, sasa ni makumbusho ya hifadhi ya taifa. Katika ghala lake la chini makumi ya mitambo ya kufumia hufanya kazi mbele ya wageni, nao hupewa vizibo vya masikio. Mngurumo wake hutetemesha sakafu. Wasichana wa mashambani waliofanya kazi hapo, wengi wao wenye umri mdogo, waliusikia kwa saa kumi na mbili au zaidi kila siku, wakagoma mwaka 1834 na tena 1836.

Salem nayo ilijenga kiwanda chake cha nguo, Naumkeag, kilichoanza kazi mwaka 1847 kwa nguvu ya mvuke, na soko la Afrika Mashariki lilikuwa mojawapo ya sababu za kustawi kwake. Kiliteketea katika moto mkuu wa mwaka 1914, kikajengwa upya, na majengo yake sasa yana ofisi. Mara nyingi tunaambiwa kwamba viwanda vya Magharibi viliamua watu wetu wavae nini. Ukweli una upande mwingine. Wanunuzi wa Unguja na wa bara walijua wanachotaka: uzito wa nguo, upana wake, hata chapa iliyopigwa juu yake. Nguo isiyowapendeza ilirudi Salem au ikaozea ghalani, na barua za wafanyabiashara zilikuwa zikiwaeleza wenye viwanda matakwa ya wateja wa mbali ambao hawatawaona kamwe.

Kutoka Unguja, merikani ilivuka kwenda Bagamoyo, na humo ikawa fedha. Shuka moja mikono minne, doti moja shuka mbili: kwa vipimo hivyo msafara ulilipa hongo, ulinunua chakula na ulilipa ujira wa wapagazi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi huru waliokodishwa, wala si watumwa kama picha za kale zinavyotaka tuamini. Pembe walizozibeba zilikwenda Marekani kukatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Jengo kubwa la kiwanda cha piano cha Chickering, la mwaka 1853, bado limesimama Boston, sasa likiwa makazi ya wasanii.

Na pamba ilitoka wapi? Massachusetts haioti pamba. Ilitoka majimbo ya kusini, na ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Hapa hesabu inafunga duara lake: mtumwa wa Georgia au Mississippi alichuma pamba, msichana wa Lowell akaifuma, nahodha wa Salem akaipakia, na huko Unguja nguo ile ile ikawa vazi la mtumwa wa shamba la karafuu. Watumwa wa Zanzibar walivaa merikani na kaniki, hata nguo hizo zikawa alama ya unyonge. Walipopata uhuru, baada ya amri ya mwaka 1897, wengi wao waliziacha wakavaa kanga. Wengi wetu tunaipenda kanga kama urithi wa bibi zetu. Yafaa tujue kwamba kwa baadhi ya bibi hao ilikuwa tangazo la uhuru.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata pamba ya kusini, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Katika miaka ya 1870 Salem ilikwisha kujitoa katika biashara ya Zanzibar. Nguo ikaja kutoka kwingine, lakini jina likabaki merikani.

Ukumbi wa Hamilton

Turudi Salem kwa ziara moja zaidi, ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ukumbi wa Hamilton ulijengwa mwaka 1805 ili matajiri wa mji wapate pahali pa karamu na ngoma zao. Kwa miaka mingi historia yake ilisimuliwa kwa majina ya matajiri hao. Lakini aliyekuwa akipika na kuandaa karamu hizo, na kuishi humo na ahali yake, alikuwa John Remond, mtu mweusi huru aliyetoka kisiwa cha Curaçao. Mwanawe Charles Lenox Remond akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, na binti yake Sarah Parker Remond alikwenda Uingereza mwaka 1859 kuwahutubia watu, wakiwemo wa miji ya pamba, akiwaeleza nguo zao zinatokana na jasho la nani.

Leo ukumbi ule unausimulia ukoo wa Remond waziwazi. Jengo halikubomolewa, na majina ya matajiri hayakufutwa. Kilichofanyika ni kuandika mistari iliyokuwa haikuandikwa. Wala Salem si pekee: katika New Bedford, bandari ya wavuvi wa nyangumi ambao meli zao pia zilitia nanga Unguja kutafuta maji na chakula, nyumba ya Nathan na Polly Johnson imehifadhiwa kwa sababu hapo Frederick Douglass alipata hifadhi baada ya kutoroka utumwani mwaka 1838. Nyumba ya nahodha na nyumba ya mtoro zinatembelewa katika ziara moja.

Daftari letu

Kuna mahali pa mwisho, napo hapana ngazi za marumaru wala tai wa dhahabu. Maktaba ya Phillips ya makumbusho ya Peabody Essex tangu mwaka 2018 ina chumba chake cha kusomea katika mji mdogo wa Rowley, kaskazini mwa Salem. Humo zimo karatasi za Waters na za wafanyabiashara wenzake: barua, shajara, orodha za shehena, hesabu za madeni. Katika kumbukumbu za Wamarekani wa wakati ule wanatajwa watu wa kwetu, kama vile Hassan bin Ibrahim, nahodha wa Sayyid Said aliyekijua Kiingereza na kuwapokea wageni. Sehemu ya karatasi hizo ilichapishwa kitabuni mwaka 1965, kwa hiyo hata asiyeweza kusafiri anaweza kuanza utafiti katika maktaba ya chuo kilicho karibu naye.

Anayekwenda kumtafuta babu yake humo ajue atakutana naye katika sura gani. Atamkuta kama mteja, mdeni, wakala au mshindani, kwa jina lililoandikwa jinsi sikio la mtu wa Salem lilivyolisikia. Mpagazi, mchimba sandarusi na mtumwa hatawakuta kwa majina. Watakuwa ni idadi, au hawatakuwepo kabisa.

Lakini je, shajara zetu za nasaba zina tofauti gani? Tunazo orodha ndefu, fulani bin fulani bin fulani, hadi Oman au Hadhramaut. Akina mama wamo wangapi? Wengi wa bibi zetu wa kizazi cha tatu na cha nne walikuwa masuria, waliotoka Unyamwezi, Manyema, Uyao au Uhabeshi. Kwa sheria watoto wao walikuwa huru na sawa na ndugu zao, na kwa hiyo tukalichukua jina la baba, na jina la kabila la mama likaachwa lizame. Tumewafanyia akina mama hao yale yale ambayo Salem iliwafanyia Remond kwa zaidi ya karne moja: tuliishi katika nyumba yao tukamtaja mwenye karamu.

Nyumba zetu wenyewe haziko salama. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Mtoni, jumba la Sayyid Said, ni magofu. Kuta zinaweza kujengwa tena, wakipatikana mafundi na fedha. Kumbukumbu ya bibi mwenye umri wa miaka tisini haijengwi tena akishakwenda.

Basi ndugu zangu, anayeishi karibu na Massachusetts na aende Salem na Lowell, achukue watoto wake, awaonyeshe picha ya Ahmad bin Naaman na awasikilizishe mngurumo wa mitambo. Anayeishi mbali na aanze na kilicho karibu naye zaidi. Kaa na mzee wa ukoo, umwulize jina la mama wa baba yake, na la mama wa huyo, alitoka wapi, aliitwa nani kabla ya kuitwa jina tunalolijua. Mzee atasita, pengine ataona haya. Mpe muda, umwambie kwamba hatuulizi ili kumwaibisha mtu. Kisha liandike jina hilo katika shajara, kwa wino ule ule uliotumika kuandika majina ya akina baba.